Fyuzi Mbili kwa Waya Mmoja: Majibu kwa Wenye Trela za Kulala

Safu ya umeme wa magari, kutoka gerejini Kizota, Dodoma

SWALI: Dada fundi, habari za kazi na pole na vumbi la Dodoma. Mimi ni mnunuzi wa asali, nazunguka Manyoni, Itigi na vijiji vya ndani huko. Nilichoka kulala gesti zenye kunguni, nikachongesha trela la kulala kwa fundi vyuma hapo mjini: kitanda cha futi nne, taa mbili, feni, na friji ndogo ya volti 12, kwa sababu nasafiri na mke wangu naye anachoma insulini. Gari ni Hilux ya dizeli, betri N70. Kwenye trela kuna betri nyingine, N100. Fundi aliniunganishia kwa waya wa 2.5, moja kwa moja kutoka betri ya gari mpaka plagi ya taa za trela kule nyuma, halafu mpaka betri ya trela. Safari ya kwanza, tukipanda Saranda, tukanusa mpira unaungua. Plagi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Tukaifunga tepu, tukaendelea. Usiku friji ikawa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Asubuhi gari halikuwaka, tukasukumwa na vijana wa kijiji. Sasa naambiwa ninunue alteneta kubwa. Ni kweli? Na nifanyeje hili trela lisije likatuunguza tumelala?
Mnunuzi wa asali, Manyoni

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Mfikishie mama pole zangu, maana kunusa mpira unaungua kwenye ule mpando, lori mbele na lori nyuma, si jambo dogo.

Alteneta usinunue. Uliyo nayo inatosha friji, feni na taa, na bado inabaki na akiba. Aliyekushauri aliona dalili akaagiza kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, tabia ambayo sisi mafundi tunayo na tusijifanye hatuna. Ubovu uko njiani, kati ya alteneta na kitanda chako, na umeshauandika mwenyewe kwenye barua: waya wa 2.5, plagi ya taa, na hayo maneno "moja kwa moja".

Tuanze na waya. Huo wa 2.5, yaani shaba yake ukiikata ina eneo la milimita za mraba 2.5, ni waya wa soketi za nyumba. Nyumbani unabeba umeme wa volti 230, ukipotea volti mbili njiani hakuna atakayejua. Kwenye gari tuna volti 14 tu, na tofauti ya betri inayojaa na betri isiyojaa ni volti moja na kitu. Nilikaa na kalamu nikakupigia hesabu. Kutoka boneti ya Hilux, chini ya chesisi, mpaka betri ya trela ni kama mita 9. Umeme lazima urudi, kwa hiyo ni mita 18 za shaba. Shaba ya 2.5 kwa urefu huo ina ukinzani wa kama omu 0.126. Ukitaka kupitisha ampia 20 hapo, volti 2.5 zinabaki njiani. Alteneta imetoa 14.2, kwenye trela zimefika 11.7. Betri ya maji iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma karibu 12.7. Sasa 11.7 itaijazaje 12.7? Ni kama kupandisha maji kwenye simtanki kwa bomba ambalo presha yake inaishia nusu ya mnara.

Kinachotokea hasa ni kwamba betri ya trela inaridhika na ampia chache zinazoweza kupita. Unaendesha kutoka Dodoma mpaka Itigi unadhani umejaza, kumbe umeonjesha. Weka waya wa 16 kwa umbali uleule, ampia zilezile 20, na unapoteza chini ya volti 0.4. Hapo betri inakula.

Sasa kuhusu friji kuwaka na kuzima. Friji hizi zina kilinda betri ndani yake: volti zikishuka inazima. Ikishazima, mzigo umetoka, volti zinapanda kidogo, inadhani mambo yamekaa sawa, inawaka tena. Kompresa ikianza kuvuta, volti zinashuka, inazima. Uliusikia mchezo huo usiku kucha. Friji ni nzima, mzee. Ilikuwa inakwambia betri iko chini, na pengine waya wa kutoka betri ya trela mpaka kwenye friji nao ni mwembamba. Huo mfupi uwe wa 4 au wa 6, usiwe chini ya hapo.

Na gari kutowaka ni kwa sababu betri mbili zilizofungwa moja kwa moja ni betri moja. Friji ilipomaliza ya trela ilikuwa inamaliza na ya gari. Kati yao panatakiwa mlango unaojifunga injini ikizimwa. Mlango huo ni rilei ya volti. Inakaa karibu na betri ya gari, na yenyewe inapima: alteneta ikianza kuchaji na volti zikafika kama 13.3 inaunganisha betri mbili, zikishuka kama 12.8 inatenganisha. Hakuna swichi ya kukumbuka. Unazima gari, trela linabaki na betri yake, na asubuhi N70 yako iko vilevile ulivyoiacha.

Kabla hujanunua rilei, pima. Washa gari, washa taa, endesha kama nusu saa, kisha pima kwenye temino za betri injini ikiwa inaunguruma. Ukisoma kati ya 13.8 na 14.4 na zinatulia hapo, rilei ya volti inakutosha. Gari nyingine za siku hizi alteneta yake inaamriwa na kompyuta: betri ikijaa, volti zinashushwa mpaka 12.5 hivi ili kubana mafuta. Ukikuta hivyo, rilei itakuwa inafunga na kufungua, na trela halitajaa. Hapo nunua chaja ya betri kwa betri, ile wauzaji wanaita disi-tu-disi, inayopandisha volti yenyewe. Na wewe msomaji mwingine uliyeweka betri ya lithiamu kwenye trela, chaja hiyo ni lazima, kwa sababu lithiamu ikiwa tupu inavuta bila aibu na inaweza kuiunguza alteneta. Mzee wangu ana N100 ya maji, hayumo kwenye hilo.

Plagi. Ile plagi ya duara ya miguu saba imetengenezwa kwa taa, indiketa na breki. Vijiti vyake ni vyembamba, na waya unashikwa na skrubu ndogo kama ya miwani. Fundi wako alibana pale nyuzi za shaba, na kwa mtikisiko wa barabara skrubu ikalegea. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, na ampia 20 zikipita, kinatoa joto la wati 40 mahali padogo kuliko kidole. Wati 40 ni pasi ya kulehemu risasi! Ulikuwa unapanda Saranda na pasi ya kulehemu imewashwa ndani ya plastiki. Na ile tepu uliyoifunga ilizidi kulifungia joto ndani, samahani mzee wangu.

Plagi ya taa iache kwa taa. Kwa umeme wa betri weka plagi pana ya ampia 50 yenye sahani mbili za shaba zinazobanana, aina ya Anderson, zinapatikana kwa wauza vifaa vya sola na vya kreni za kupandishia mizigo. Nunua na vifuniko vyake. Vumbi la huku kwetu likiingia kwenye plagi halitoki kwa kupuliza.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu viungo ndivyo vinavyounguza trela kuliko kitu kingine. Waya wa 16 haubanwi kwa plaizi wala kwa nyundo. Unavuliwa mpira kwa urefu wa tundu la kiatu chake, kile kichwa cha shaba cha kufungia waya kwenye temino, nyuzi zote zinaingizwa bila hata moja kukunjwa nje, kisha unabanwa kwa koleo kubwa la kubania viatu vya kebo, mikono miwili, mpaka koleo lifike mwisho. Gerejini nina kiatu nilichokibana vizuri halafu nikakikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ukitazama pale kwenye mkato huoni nyuzi. Unaona duara moja la shaba, kama sarafu. Pembeni yake nimeweka kingine nilichokitoa kwenye gari la mteja, kilibanwa kwa nyundo: nyuzi zinahesabika, katikati pana uwazi, na kijani cha kutu kimeingia. Wateja nawaonyesha vyote viwili kabla sijataja bei. Ukienda kwa fundi, mwambie abane kimoja, ukivute kwa nguvu zako zote. Kikichomoka, shukuru kimechomokea hapo.

Waya wenyewe pia uuchunguze. Kuna unaouzwa kwa jina la shaba na ndani ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangulia uzi mmoja kwa kisu: ukitoa weupe, urudishe. Mkononi pia ni mwepesi kuliko unavyotegemea. Na usikubali waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu ndani, unakatika kwa mtikisiko huku mpira wa nje uko sawa, utautafuta ubovu mpaka uchoke. Mimi napenda waya wa mashine ya kuchomelea, wa 16 au wa 25. Ni laini, nyuzi zake ni nyingi na nyembamba, unakunjika vizuri kwenye kona. Mpira wake haupendi oili wala jua, kwa hiyo naupitisha ndani ya hozi ya plastiki yenye mikunjo kuanzia boneti mpaka nyuma, mbali na ekzosi, mbali na springi.

Uwe waya miwili, mwekundu na mweusi, unene uleule. Wako mafundi wanaoleta mwekundu peke yake na kumwachia chuma cha kuvutia trela arudishe hasi. Kile chuma kina grisi, kina vumbi, na kinacheza. Taa zitapepesa, na siku moja umeme utatafuta njia ya kurudi kupitia waya mwembamba wa taa na kuuchoma.

Sasa lile la kuungua mkiwa mmelala. Hili nalijua kwa mkono wangu.

Barabara ya kwenda Iringa kupitia Mtera ilikuwa bado ya vumbi. Nilifunga trela la wachimba visima, watu wa kulala porini wiki tatu. Nikaweka waya mnene, plagi nzuri, na fyuzi ya ampia 60 pale kwenye betri ya gari. Nikajiona nimemaliza. Waya ulipita kwenye mkono wa trela kupitia tundu nililotoboa kwa drili, na tundu lile sikuliwekea mpira wa kulinda. Kilomita mia na ushee za mtikisiko, ukingo wa chuma ukautafuna waya kama panya, shaba ikagusa bodi. Fyuzi ya gari ikakata palepale, kama inavyotakiwa. Dereva hakujua kitu. Lakini waya ule ulikuwa na betri ncha ya pili, betri ya trela, na upande ule sikuweka chochote. Betri iliyojaa ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia bila kuuliza ni za nani. Waya ukawa mwekundu kuanzia kwenye mkono wa trela mpaka chini ya kitanda, ukawasha godoro. Waliona moshi kwenye kioo cha pembeni. Wakazima kwa mchanga na madumu ya maji ya kunywa, na kijana mmoja akafungua temino kwa spana, mkono umezungushiwa shati. Hakuna aliyeumia. Godoro nililipa mimi, na mbao za kitanda. Kile kipande cha waya kinaning'inia juu ya meza yangu mpaka leo, mpira umeisha wote, shaba nyeusi tii. Wateja wanadhani ni pambo.

Kwa hiyo, mzee wangu, waya wenye betri ncha zote mbili unawekewa fyuzi ncha zote mbili. Kila fyuzi ikae karibu na betri yake, isizidi shubiri moja ya mkono wako, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwa waya wa 16 na plagi ya ampia 50, weka fyuzi za 50, zile za kufungwa kwa nati. Watu wanapenda kuniuliza friji inavuta ampia ngapi ili wachague fyuzi ya waya mkubwa. Friji haihusiki hapo. Fyuzi ile inalinda waya na plagi. Friji ina fyuzi yake ndogo kwenye kisanduku ndani ya trela, 15 inatosha, feni 5, taa 5.

Ukisimama boneti ikiwa wazi, njia ya umeme uisome hivi: betri ya gari, fyuzi, rilei, waya mrefu, plagi, fyuzi ya pili, betri ya trela, kisanduku cha fyuzi ndogo, friji. Kama fundi amekuruka hatua yoyote, asiondoke. Kila tundu la chuma liwe na mpira wake, na pale kwenye mkono wa trela uache waya umelegea wa kutosha kukata kona ya Saranda bila kuvutika, lakini usiburuze chini.

Hukuniambia betri ya trela imekaa wapi, na naogopa jibu. Kama iko chini ya kitanda, wazi, itoe. Betri ya maji ikichajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, na hewa hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja ya swichi inatosha kuilipua. Ihamishie kwenye sanduku la nje, kwenye mkono wa trela. Ikilazimika kubaki ndani, iwe kwenye sanduku lenye kifuniko kinachobana na bomba la kutoa hewa nje, litokee sehemu ya juu ya sanduku kwa sababu hidrojeni inapanda. Na ifungwe kwa mkanda. Betri ya kilo zaidi ya ishirini ikiruka ndani ya trela haina adabu.

Hesabu ya matumizi yenu ni ndogo kuliko mnavyoogopa. Kompresa ya friji kama hiyo ikiwa inafanya kazi inavuta ampia 4 au 5, lakini inapumzika pia, kwa hiyo kwa wastani ni kama ampia 2. Usiku wa saa kumi na mbili ni ampia-saa 24, ongeza feni na taa, tuseme 35. N100 ina 100, na betri ya maji usiivute zaidi ya nusu, la sivyo utakuwa unanunua nyingine kila mwaka. Uko ndani ya kiasi. Ukiwa umeweka waya wa 16, saa tatu za kuendesha zinarudisha nyingi ya hizo. Ukikaa kijiji kimoja siku mbili bila kuwasha gari, paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, kwa jua letu hili, inanipa mimi ampia-saa 25 hadi 30 kwa siku, ikiwa na kidhibiti chaji chake. Dodoma hatuna mvua ya kutosha, basi angalau jua tulitumie.

Kuhusu insulini ya mama: weka kipimajoto kidogo ndani ya friji, akiba yake inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji hizi ndogo zina tabia ya kugandisha upande wa sahani ya baridi, na insulini iliyoganda inatupwa, hata ikiyeyuka. Iwekwe mbali na sahani hiyo. Na usiifanye friji kuwa tegemeo pekee. Mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi: kwenye ukame wa Itigi unapoa vizuri kuliko utakavyopoa Dar es Salaam. Haufikii ubaridi wa friji, ila siku friji ikigoma dawa haitachemka. Mwulizeni mfamasia ile aliyoianza kutumia inaruhusiwa kukaa nje siku ngapi.

SWALI: Fundi, mambo vipi. Nina Fuso ya volti 24, nabeba mahindi kutoka Kibaigwa. Nyuma ya kabini nimejenga kijumba cha kulala mimi na tingo wangu, kina taa, redio na TV za volti 12. Fundi alichukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Sasa betri moja inakufa mapema na nyingine inachemsha maji. Nimeuziwa betri feki?
Dereva, Kibaigwa

JIBU: Mdogo wangu, betri zako hazina kosa, wameziua kwa kuitwisha moja kazi ya peke yake, wakati zote mbili zimefungwa kwenye mstari mmoja kutoa 24. Ulishamwona muuza maji na mzegazega begani, ndoo moja imejaa na nyingine nusu? Ndivyo betri zako zinavyotembea. Alteneta inaona jumla tu, tuseme 28.4, inaridhika. Haijui kwamba ile inayolisha TV imebaki nyuma inasoma 13.2, na mwenzake amesukumiwa 15.2. Ya kwanza inakufa kwa njaa, ya pili inakufa kwa kushiba.

Toa ule waya leo. Nunua kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, cha ampia 20, kifungwe kwenye 24 kamili, yaani chanya ya betri ya mwisho na hasi ya betri ya kwanza, na fyuzi kabla yake, shubiri ileile niliyomwambia mzee hapo juu. Betri ukibadilisha, badilisha zote mbili siku moja, za aina moja. Mpya na kuukuu kwenye mstari mmoja ni ugomvi uleule unaanza upya.

SWALI: Shikamoo mama fundi. Kwenye Nanenane, Nzuguni, trela letu la kuuza juisi tunaliunga umeme wa banda la jirani kwa kebo ya upanuzi. Mwaka huu mtu akigusa bodi na viatu vimelowa anasikia mkono unatetemeka. Wenzangu wanasema ni kawaida ya chuma.
Muuza juisi, Ipagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kawaida ya chuma. Kuna waya wa 230 unagusa bodi mahali fulani, au blenda imevuja, na bodi haina ethi ya kuupeleka ardhini. Magurudumu ni mpira, kwa hiyo bodi nzima inasubiri mtu mwenye miguu mibichi. Kwenye trela la juisi, kila mtu ana miguu mibichi.

Chomoa, na lisiungwe tena mpaka liwe na haya: kebo ya waya tatu ya 2.5 yenye ethi inayofika kweli kwenye bodi, na kikata umeme cha kukata umeme ukivuja, cha miliampia 30, pale umeme unapoingia, kile chenye kitufe cha kujaribia. Bonyeza kitufe hicho kila asubuhi kabla hujakata nanasi. Kebo ya upanuzi ifunguliwe yote kwenye gurudumu lake, ikibaki imezungushwa inapata joto. Kwa hili tafuta fundi wa majumbani mwenye leseni, mimi ni wa magari na 230 naiheshimu.

SWALI: Fyuzi ya trela inakata kila mara, tumezungushia karatasi ya fedha ya sigara na sasa haikati. Kuna madhara?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Toa hiyo karatasi kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Kisha fuata waya kwa mkono, polepole, kutoka kwenye fyuzi mpaka mwisho, betri ikiwa imefunguliwa. Anzia pale waya unapopita kwenye tundu la chuma.